UZI: Benki kulikuwa na milioni 31, mafundi wetu miezi miwili hawana mshahara. Yaliyotukuta kwenye kituo cha batiki

Bi Hazina (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimekuwa msomaji wa pembeni humu miaka mingi. Leo naandika kwa sababu juzi kuna mdau aliuliza namna ya kuanzisha NGO ya batiki na ufumaji, na majibu kurasa tatu nzima yakawa ya usajili: fomu, ada, katiba ya kunakili. Usajili ndiyo sehemu nyepesi. Unaingia kwenye mfumo wa Msajili wa NGO, unapakia katiba na muhtasari wa kikao, unalipia, unasubiri cheti. Mtihani unaanza siku fedha ya kwanza inapoingia.

Mimi ni mweka hazina wa kituo kidogo cha sanaa za nguo, mji mmoja wa pwani. Jina la kituo nalihifadhi, na anayelijua anihifadhie. Nilikaa kaunta ya benki miaka 22 kabla ya kustaafu, kwa hiyo mbele ya hesabu sikimbii. Hayo hayakunisaidia kitu, mtaona. Tuna mafundi 14, vyerehani 9, vitanda vya mfumi viwili na banda la kuchovya rangi uani. Tunafundisha wasichana, kundi moja miezi sita, na mafundi wanatengeneza batiki, mikoba na vitambaa vya meza vya kuuza. Mguu mmoja shule, mguu mmoja duka.

Mfadhili akatuingizia awamu ya kwanza ya mradi wa mafunzo, milioni 46. Akaunti yetu haikuwahi kuona tarakimu hizo. Ilikuwa Mei, maonesho ya biashara ya Sabasaba yananukia, stoo haina kitambaa. Mama mwanzilishi akasema kikaoni: tutoe milioni 12 tununue majora, tukirudi Dar tunazirudisha, hakuna atakayeumia. Kikao kikaitika. Nami nikaitika, na sahihi ya pili kwenye hundi ile ni yangu.

Majora yalinunuliwa duka la mjumbe wa bodi. Hakuna aliyeuliza bei duka la pili.

Sabasaba tukauza, si haba, ila nusu ya mzigo ikabaki. Tukaigawa kwenye maduka ya hoteli kwa mali kauli, yaani watulipe wakishauza. Agosti akaja mgeni kutoka kwa mfadhili, akaomba taarifa ya benki. Hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya batiki tuliyomzawadia asubuhi ile, akaivaa tena, akauliza: hizi milioni 12 za tarehe hii zilinunua nini katika mafunzo? Wiki ya pili ikaja barua. Salio la milioni 31 lisiguswe hata shilingi mpaka zile 12 zirudi.

Mafundi wetu hawalipwi na fedha za mafunzo, wanalipwa na mauzo. Na mauzo yenyewe yalikuwa yamekaa kwenye rafu za watu. Mwezi wa nane hawakulipwa. Wa tisa hawakulipwa.

Fundi mkuu wa banda la rangi, mama mtu mzima, vidole vimekolea buluu hadi mizizi ya kucha, akanifuata ofisini. "Mama, nasikia benki kuna milioni thelathini na moja. Ni za nani?" Nikamwambia ni za mradi. Akanitazama. "Na sisi ni wa nani?"

Nilikosa jibu, ndugu zangu. Miaka 22 kaunta.

Sasa niwaeleze bodi yetu, maana pesa haikujitoa yenyewe. Tulikuwa saba. Mama mwanzilishi ndiye mwenyekiti na ndiye mkurugenzi. Mdogo wake ndiye katibu. Muuza vitambaa. Mwalimu mstaafu. Jirani aliyetupatia kiwanja. Mama mmoja mheshimiwa aliyekuja vikao viwili kati ya tisa. Na mimi. Posho ya kikao ilikuwa 50,000 kwa kichwa, soda na sambusa mbali. Nimerudia kusoma mihtasari yote ya miaka miwili. Kikao cha Machi tulijadili rangi ya pazia la chumba cha wageni kwa zaidi ya saa nzima, mpaka tukapiga kura. Taarifa ya fedha ilikuwa ajenda namba nane, mbele yake imeandikwa: "Ilipokelewa." Haikusomwa. Ilipokelewa.

Nitaendelea kesho nikijaliwa. Wenye uzoefu wa vituo vya namna hii shusheni.

---

Kidumu cha Mafuta

Kwa kifupi mlipiga hela ya mabinti. Mengine ni mapambo ya uzi.

---

Bi Hazina

Kidumu, sitakubishia kwa nguvu. Hakuna aliyetia mfukoni, kila risiti ya majora ninayo, lakini fedha iliyotolewa kwa kazi A ikafanya kazi B bila ruhusa ya mwenyewe sina jina zuri la kuipa. Ninachokataa ni hilo "kwa kifupi". Ungekuwa wizi, tungefukuza mwizi tukaendelea. Hili liliandikwa kwenye muhtasari na watu saba wenye nia njema, likapigiwa makofi.

---

Mkaguzi wa Mikoani

Bi Hazina, pole. Mimi ni mhasibu mwenye CPA, nakagua vyama na NGO ndogondogo miaka 15 sasa, na kisa chako nakiona kila msimu. Kinabadilika mzigo tu: wengine majora, wengine mizinga ya nyuki, wengine vifaranga.

Kosa lenu lilianza kabla ya hundi. Lilianza siku milioni 46 zilipoingia na mtu akaziandika "mapato". Fedha ya mfadhili ambayo kazi yake haijafanyika ni deni. Hudaiwi pesa, unadaiwa kazi. Ukiendesha wiki ya kwanza ya mafunzo ikakugharimu milioni 2, basi milioni 2 zimegeuka mapato na 44 bado ni deni. Bodi ingeona kwenye karatasi "tunadaiwa milioni 44", nani angenyoosha mkono kusema tununue majora?

Fungueni akaunti mbili za benki, ya mradi na ya kituo. Wengine watakwambia akaunti moja inatosha ukiwa na vitabu vizuri. Kwa nadharia ni kweli. Kwa watu saba wanaopokea taarifa bila kuisoma, akaunti mbili.

Halafu stoo. Hapa vituo vya nguo vina ugonjwa wao. Nimeingia stoo moja wakaniambia kuna batiki za milioni 9. Nikauliza milioni 9 kwa bei gani? Ya kuuzia. Bwana, kitambaa kilichokaa kwenye rafu kinahesabiwa kwa kilichokigharimu, na kama hakiuziki hata kwa gharama hiyo unakishusha tena. Tukafunua bunda la chini kabisa, panya walikuwa wametoboa pisi zote kwenye mkunjo, tundu moja limepita safu kumi na moja kama njia ya reli. Zile pisi zilikuwa kwenye vitabu mwaka wa tatu.

Na mali kauli ni mali yenu mpaka iuzwe. Iko duka la mtu lakini iko kwenye leja yako. Hesabuni tarehe 31 Desemba kila duka, piga simu, nenda, shika kitambaa kwa mkono.

Jambo jingine ambalo hujalisema: mkataba wa milioni 46 ulifika kwa Msajili? Kanuni za NGO za 2018 zinataka mkataba wa fedha unaozidi milioni 20 upelekwe Hazina ya serikali na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Na chini ya Sheria ya NGO Na. 24 ya 2002 kila mwaka kuna taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa.

---

Bi Hazina

Mkaguzi, mkataba ulifika siku ya 41. Ulikuwa kwenye droo ya mwenyekiti ukisubiri "siku nzuri ya kwenda Dodoma". Barua ya kujieleza niliiandika mimi.

---

Mchovya Rangi

Uzi mtamu huu. Bi Hazina, tuwekee mchanganuo wa pisi moja. Mimi nachovya nyumbani, naona nauza lakini mfuko hauoni.

---

Bi Hazina

Mchovya, huu ndio niliufanya ile miezi miwili ya ukame, kwa sababu sikuwa na pesa ya kuhesabu nikaamua kuhesabu vitambaa. Ni bei za kwetu na za wakati ule, usinakili, fanya zako.

Pisi moja tulikuwa tunauza 25,000. Kitambaa 9,000. Rangi na dawa zake, kostiki na haidrosi, 4,200. Nta 1,800. Mkaa wa kuyeyushia nta na kuichemshia itoke 900. Fundi 5,000. Jumla 20,900. Mama mwanzilishi aliijua hesabu hii kwa kichwa, na kila mgeni aliyekuja aliambiwa "tunapata faida 4,000 kila pisi".

Nikaongeza visivyoonekana. Pango, umeme wa LUKU, maji (batiki inakunywa maji kuliko ng'ombe), mlinzi, msimamizi, vifungashio: milioni 1.9 kwa mwezi. Tunatoa pisi kama 380 kwa mwezi, gawanya, 5,000 kwa kila pisi. Tayari 25,900. Hapo tumeuza kwa hasara ya 900 na duka hatujaingia.

Nikakaa uani siku nne na daftari nikihesabu zinazoharibika. Nta ikipata moto kidogo inapita vibaya na ua linageuka doa. Haidrosi ikikaa wazi usiku kucha inapoteza nguvu, rangi inatoka imepauka. Kila pisi 12, moja tunamkatia mtu vitambaa vya jikoni. Zile 20,900 za ile moja zinabebwa na kumi na moja zilizobaki, 1,900 kila moja. Sasa tuko 27,800.

Halafu hoteli. Mali kauli yao ni asilimia 30. Kwenye 25,000 wanakata 7,500, tunabaki na 17,500 kwa kitu kilichotugharimu 27,800. Kila batiki iliyouzwa hotelini, kituo kilimpa mtalii 10,300 taslimu na tabasamu juu.

Nani alikuwa analipa hiyo tofauti? Mfadhili. Bila yeye kujua wala sisi kujua. Wakati wa miradi pango lilikuwa linalipwa na mradi, mlinzi na mradi, tukadhani duka linajiendesha.

Bei mpya ni 40,000, hotelini na kituoni sawa, maana ukiuza kituoni rahisi wenye maduka wanakurudishia mzigo. Hotelini tukikatwa 30 tunabaki na 28,000, faida 200. Ndiyo, mia mbili, hujasoma vibaya. Kituoni faida 12,200. Kwa hiyo kazi yetu sasa ni kumvuta mteja aje uani aone nta ikichemka, badala ya sisi kumfuata kwenye rafu.

---

Mchovya Rangi

Elfu 40 mswahili mwenzio hanunui, Bi Hazina. Kariakoo napata kitenge cha kutoka nje kwa chini ya nusu yake.

---

Bi Hazina

Hanunui, kweli. Kwa hilo sina dawa bado. Tumeanza pisi nyepesi ya rangi moja, mchovyo mmoja, kwa ajili ya sare za harusi na vikundi, oda kuanzia 20 na nusu ya malipo mbele. Haina uzuri wa ile nyingine, fundi mkuu anaiita "ya mbio". Lakini inalipwa kabla ya kuchovywa.

---

Shangazi wa Darajani

Assalaam aleikum. Mie nipo Unguja, kikundi chetu cha ushoni na utarizi, akina mama tu. Bibi wee umenikumbusha machungu. Mali kauli ilituua na sisi. Mwenye duka anakwambia "haijauzwa" na wewe kitambaa chako umekiona mtaani mwanamke wa kizungu kakivaa!

Sasa twafanya hivi. Kila pisi ina kikaratasi chenye namba, na daftari lina namba hizohizo. Kila mwezi mwanachama mmoja aenda dukani, ahesabu namba zilizopo. Ilokuwa haipo ishauzwa, au imeibiwa, yote mamoja: hulipwa. Maduka mawili yalikasirika yakaturudishia. Heri.

Jengine ambalo huko bara hamlijui sana: msimu. Masika, Aprili na Mei, wageni hamna, hoteli nyengine zafunga kabisa. Julai na Agosti twapumua, Disemba twapumua tena. Tulikuwa twagawana kila kitu Agosti, ikifika Aprili hata uzi hatuna. Siku hizi bajeti yetu twaiandika kwa mwezi, si kwa mwaka. Bajeti ya mwaka yaonesha tuna faida, ya mwezi yakuonesha mwezi gani utalala njaa. Ya pili ndo ya kweli.

Na hiyo posho ya elfu hamsini mtu kukaa kiti? Khaa! Huku twachangishana kahawa.

---

Baridi Kali

Niko Minneapolis, Minnesota. Nimeingia kwa uzi huu kwa sababu mke wangu hujitolea kwenye kituo cha nguo hapa mjini, kinaitwa Textile Center. Kilianza 1994, vyama vya wafumaji, wadarizi na washona malihafu, yale mablanketi ya viraka, vilipokaa pamoja. Kina ukumbi wa maonyesho, maktaba ya vitabu vya nguo, maabara ya rangi, duka na madarasa.

Kinachonivutia ni vyanzo. Hawana mfadhili mmoja wa kumtegemea. Kuna ada za madarasa, ada za uanachama, duka, michango ya watu. Kila mwaka wanafanya gulio kubwa la mabaki: watu wanaleta vitambaa, nyuzi na vifaa walivyorundika nyumbani, wanavitoa bure, kituo kinauza. Bibi amefariki, watoto hawajui wafanye nini na makabati ya vitambaa, wanapeleka pale. Gharama ya bidhaa ni sifuri.

Na jimbo linasaidia. Novemba 2008 wapiga kura wa Minnesota walikubali wenyewe kuongezewa kodi ya mauzo, sehemu tatu ya nane ya asilimia moja, kwa miaka 25. Sehemu kubwa inakwenda maji na misitu, asilimia 19.75 inakwenda sanaa na urithi wa utamaduni. Hebu fikirieni mpiga kura kwetu kuambiwa aongezewe kodi kwa ajili ya wafumaji.

Bodi za huku mjumbe halipwi, na mara nyingi yeye ndiye anayetarajiwa kutoa au kutafuta mchango. Na fomu 990 wanayopeleka mamlaka ya kodi iko wazi kwa umma. Naweza kukaa sebuleni nikaona mkurugenzi wa karibu shirika lolote kubwa la namna hii analipwa kiasi gani. Bi Hazina, ungeweza kubandika hesabu zenu ukutani?

Lakini msidhani huku hakufi kitu. Kulikuwa na jumba la makumbusho la historia ya nguo, American Textile History Museum. Lilianza 1960, likahamia Lowell, Massachusetts, 1997, kwenye jengo kubwa la kiwanda cha zamani. Mwanzoni mwa 2016 likafunga milango, likielemewa na fedha, na mikusanyo ikagawanywa kwa taasisi nyingine. Lile la Washington, The Textile Museum la tangu 1925, lilinusurika kwa kujiunga na chuo kikuu cha George Washington, likafunguliwa upya 2015. Mmoja akakubali kuolewa, mwingine akafia ndani ya jengo lake.

Na Lowell siyo mji wa mbali na sisi kama mnavyodhani. Lile neno "merikani" tunaloita kitambaa cheupe kizito cha pamba, bibi zetu walilipata kwa sababu meli za Massachusetts, hasa za Salem, zilileta Zanzibar vitambaa vya pamba vya viwanda vya kwao, mkataba wa Sayyid Said na Marekani ni wa 1833. Sehemu ile iliyotuvisha imeshindwa kutunza makumbusho ya vitambaa vyake.

---

Kidumu cha Mafuta

Nimekuja kucheka nimebaki kusoma. Bi Hazina samahani kwa mwanzo ule.

---

Bi Hazina

Yameisha mwanangu.

---

Mtu wa Kisumu

Salamu kutoka Kenya. Hapa kwetu sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa 2013, ikalala zaidi ya miaka kumi, ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Makaratasi yamekuwa mengi kiasi.

Swali langu ni la uchokozi. Mbona mnang'ang'ania NGO? Mafundi 14 wanaotengeneza na kuuza ni biashara. Fanyeni ushirika, wagawane faida, waache kuomba.

---

Mkaguzi wa Mikoani

Swali zuri, na mimi niko nusu upande wako. Ila angalia faida yenyewe: shilingi mia mbili. Utagawa nini?

Mafunzo hayawezi kujilipa. Msichana anayejifunza anaharibu pisi tano kabla ya kutoa moja, na hana ada. Kazi hiyo itahitaji mchango wa mtu daima, na mchango unakuja kwa shirika lisilogawana faida. Uzalishaji ndio unaweza kusimama peke yake. Hata kituo cha Mabinti cha hospitali ya CCBRT pale Dar, wanaowafundisha akina mama waliotibiwa fistula kuchapa vitambaa, kushona na kazi za shanga, wana bidhaa wanazouza, lakini wana mama mkubwa nyuma yao. Kituo cha Bi Hazina hakina mama mkubwa.

Nimalizie kodi, maana PM yangu imejaa. Cheti cha NGO si msamaha wa kodi! Unapeleka maombi kwa Kamishna wa mamlaka ya kodi, TRA, utambuliwe kuwa shirika la hisani chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, na mpaka ukubaliwe wewe ni mlipakodi kama duka la jirani. Kodi ya mishahara unakata na kupeleka hata ukiwa shirika la hisani. Mchango wa pensheni wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, mgawanyo wa kawaida nusu mwajiri nusu mfanyakazi. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi asilimia 0.5. VAT itakuhusu mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka, Bi Hazina lala usingizi.

Na kwenye andiko la mradi msione haya kuandika gharama za uendeshaji. Mlinzi analinda na darasa pia. Hata serikali ya Marekani, kwa shirika lisilo na kiwango chake lililokubaliana nayo, ilipandisha kiwango cha jumla cha gharama hizo kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. USAID yenyewe ikafungwa mwaka uliofuata, ndiyo dunia, ila hoja imebaki.

---

Shangazi wa Darajani

Bi Hazina, na huyo mama mwanzilishi mlimfanyaje? Hapo ndo pagumu. Kuna kwetu mama kama huyo, kikundi ni yeye na yeye ni kikundi. Ukimgusa kwa hesabu asema unamvunjia heshima.

---

Bi Hazina

Shangazi, umepiga palipo na mfupa. Yule mama alianza na sufuria mbili na mkopo wa dada yake. Wale mafundi amewatoa mbali. Sikuweza, na sikutaka, kumwita kikaoni nimsomee makosa ambayo nami nimeyasaini.

Nilimfuata nyumbani jioni, nikapeleka daftari la zile pisi 12 na moja inayoharibika. Nikaanza na kwangu: mama, mimi nimekosea, nilijua na nikasaini. Tukafika kwenye ile 10,300 ya hoteli. Akachukua kalamu akahesabu mwenyewe, mara ya kwanza, ya pili. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nachovya pesa." Akaita chai.

Kikao kilichofuata alileta mwenyewe hoja ya kuachia uenyekiti. Amebaki mkuu wa sanaa, mwenye neno la mwisho kwenye michoro na rangi, na hilo kaliandikiwa kwenye katiba ili asije mtu wa hesabu kama mimi akamwambia ua gani linauzika. Mwenyekiti ni yule mwalimu mstaafu. Ujumbe ni miaka mitatu, mara mbili, basi. Mdogo wake mama mwanzilishi ametoka. Muuza vitambaa alipewa kuchagua kati ya kuuza na kukaa kwenye bodi, akachagua kuuza, na kusema kweli bei yake baada ya kushindanishwa imekuwa nzuri. Posho imekufa, tunalipa nauli kwa tiketi. Wajumbe wawili hatujawaona tena, hatujawatafuta.

Fedha ni ajenda ya kwanza baada ya kufungua kikao, watu wakiwa bado na njaa. Hundi haina sahihi za ndugu wawili. Masurufu yasiporejeshwa kwa risiti ndani ya siku saba, hupewi mengine, hata uwe mimi.

Na Baridi Kali, tumebandika. Ubao wa jikoni, pale mafundi wanapochemshia uji. Namba tatu tu, kila Ijumaa: fedha za watu tulizoshika, fedha zetu, na tunazodai mitaani. Fundi mkuu hasomi sana, ila tarakimu anazijua vizuri, na amechaguliwa kuwa mwakilishi wa mafundi kwenye bodi. Kikao cha kwanza alisimama akauliza mbona hiyo namba ya tatu haijapungua tangu mwezi uliopita. Mwenyekiti akanigeukia mimi.

Kuhusu deni: mfadhili alikubali tulipe kidogokidogo. Tumerudisha milioni 7.6, bado 4.4. Mafunzo yameanza tena na nusu ya wasichana. Malimbikizo ya mafundi tulimaliza Machi. Akiba tuliyonayo ni ya wiki tano. Lengo ni miezi mitatu na hatuko karibu.

Mtu wa Kisumu, habari ya ushirika mafundi wenyewe wameanza kuijadili jikoni. Sijawaingilia.

---

Mchovya Rangi

Na zile pisi za hotelini zilikwisha?

---

Bi Hazina

Kuna hoteli moja ya kusini bado ina 17. Jumamosi napanda basi la alfajiri na daftari la namba, nimeiga kwa Shangazi. Nawapelekea vikaratasi vya bei mpya. Wakikubali nabandika, wakikataa nimebeba mfuko wa salfeti.

---

Shangazi wa Darajani

Beba miwili. Pisi za kwao huwa zimejaa vumbi, utataka kuzitenga.